Shangazi, wamembandika binti yangu ukutani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sombetini hapa Arusha. Nauza nyanya na hoho soko la Kilombero. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri ili niwahi mzigo ukishushwa, na kurudi ni saa moja usiku, siku mbaya saa mbili. Mume wangu ni mpishi wa safari, wale wanaoongozana na wageni porini na kuwapikia kambini. Msimu ukichanganya anaweza kukaa Serengeti na Ngorongoro siku kumi, akarudi akalala usiku mmoja, akaondoka tena. Masika ikifika, Aprili na Mei, wageni wanakatika naye anakaa nyumbani. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Kodi ya nyumba tumewahi kuchelewesha, sikatai, lakini kulala njaa hapana.

Tumepanga chumba na sebule. Binti yetu ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na mdogo wake wa kiume ana miaka mitano. Tangu mwaka juzi binti akitoka shule alikuwa anampitia mdogo wake, wanakwenda wote kituo cha jamii kilichopo mtaani kwetu. Pale kuna meza na taa, kuna kompyuta kama kumi hivi, kuna netiboli, na Jumanne na Alhamisi kuna mwalimu wa hesabu. Wadogo wana chumba chao cha michezo. Wasichana wana dada yao anayekaa nao kila Ijumaa wakazungumza mambo ya kike, na pedi wanapewa. Na sisi akina mama Jumamosi jioni tunafanyia kikoba chetu kwenye ukumbi huo huo. Sitasema uongo, Shangazi, kituo kile kimenisaidia. Binti alikuwa anapata F ya hesabu, muhula uliopita kaleta C.

Sasa sikia. Wiki tatu zilizopita dereva mmoja anayefanya kazi na mume wangu alipeleka wageni pale kituoni, siku yao ya mwisho kabla hajawafikisha uwanja wa ndege wa KIA. Ukumbini akakuta bango kubwa lina picha ya binti yangu, kakaa kwenye ngazi, hana hata tabasamu. Chini yake maneno ya Kiingereza. Akalipiga picha lile bango, akairusha kwenye grupu lao la WhatsApp. Maneno yale mume wangu alinisomea mwenyewe: kwamba baba wa mtoto huyu hana kazi, kwamba siku nyingine mtoto analala bila kula, kwamba kituo ndiyo familia yake. Wenzake wakaanza utani. Mmoja akaandika, "Mpishi, kumbe mwanao analishwa na wageni tunaowabeba?"

Mume wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema tu kwamba mtoto wake hakanyagi tena pale. Binti alipofungua mdomo, akamwambia, "Wewe ndiye uliyekwenda kunitangaza." Tangu siku hiyo hawasemeshani.

Sasa binti akitoka shule saa tisa anamchukua mdogo wake, wanajifungia ndani mpaka nirudi. Mtihani wa upimaji wa kidato cha pili ni Novemba. Jirani kaniambia kuna kijana wa kibanda cha chipsi anasimama sana getini kwetu jioni. Yule dada wa wasichana amekuja kumuulizia mara mbili, mara zote mbili nimemwambia anaumwa.

Na kuna kitu mume wangu hajui. Siku ya kumwandikisha nilipewa karatasi nikasaini. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tatu, nilikuwa nawahi soko, nikaambiwa ni ya kawaida tu. Naogopa ruhusa ya picha ilikuwa humo humo. Akijua ni mimi niliyesaini, sijui itakuwaje. Na nikienda kulalamika naogopa watatuondoa wote, na kwenye kile kikoba nina hisa za miaka miwili.

Ninyamaze tu nimtii mume wangu? Au nimweleze kuhusu karatasi? Nisaidie, Shangazi.

Mama wa Wawili, Sombetini

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ulilolificha mwisho wa barua.

Mwambie mume wako kuhusu karatasi, na umwambie kabla hajapanda gari la safari nyingine. Si kwa simu akiwa porini. Huko mtandao unakatika katikati ya sentensi, na atabaki siku tisa akiwa na habari nusu kichwani. Watoto wakishalala, mwambie: nilisaini karatasi, sikuisoma, nilikuwa nakimbilia soko. Ishia hapo, usiongeze "lakini". Mkienda kituoni, kitu cha kwanza kitakachotolewa kwenye droo ni hiyo karatasi yenye jina lako. Heri aikute huku anaijua kuliko kushtukizwa nayo mbele ya watu. Mwaka huu ameshaaibishwa mbele ya watu mara moja, inamtosha.

Tukija kwake, najua wapo watakaosoma hapa na kusema ana kiburi, kwamba maskini hachagui. Mimi simo. Ifikirie kazi yake. Mpishi wa kambini anaoka mkate juu ya makaa huku upepo unamtupia majivu usoni, fisi wanalia karibu, na kabla jua halijatoka wageni kumi na wawili wanataka mayai ya moto na chai. Mtu huyo ndiye aliyeandikiwa ukutani kwamba mtoto wake analala bila kula! Ningekuwa yeye ningenyamaza vile vile. Kosa lake liko kwingine: bango wametundika watu wazima, adhabu kampa mtoto.

Maana huyo mtoto, mimi naamini, hakumtangaza mtu. Nakisia picha ilipigwa Aprili au Mei. Akaja mtu na daftari, akamuuliza baba yako anafanya kazi gani, mtoto akajibu, baba yuko nyumbani. Na kweli alikuwa nyumbani, msimu umelala! Kwa mwandishi "yuko nyumbani" ikageuka "hana kazi". Hilo la kulala bila kula nalo linaweza kuwa na asili ya kuchekesha, nani hana mtoto aliyewahi kupitiwa na usingizi kwenye kochi kabla ugali haujaiva? Muulize binti taratibu, aliulizwa nini na nani, akajibuje. Muulize baba yake akiwa amekaa hapo hapo, asikie kwa masikio yake. Ukimpelekea wewe majibu ataona unamtetea mtoto.

Sasa kituo chenyewe. Umeandika mengi kuhusu kompyuta na netiboli, na ni mambo mazuri, ila mimi kilichonisimamisha ni saa. Shule inafunga saa tisa, wewe unarudi saa moja. Hapo katikati kuna saa nne, siku tano za wiki, na mzazi hayupo, wala hayupo kwa uzembe. Mmoja yuko Kilombero na mwingine yuko Seronera, huko Serengeti. Zamani saa hizo nne zilikuwa na bibi na shangazi wa pale pale uani. Leo Sombetini uani kuna wapangaji sita wasiojuana majina, na taa ikiwaka muda mrefu mtu anaanza kulalamikia Luku. Kazi ya kituo cha mtaa, ukiondoa mapambo yote, ni kuzishika hizo saa nne: meza, taa, na mtu mzima anayejua nani leo hajafika.

Na hapo ndipo barua yako ilipojijibu yenyewe. Umesema yule dada amekuja kumuulizia mara mbili. Mwanangu, hilo bango lisikufanye usilione hili. Nimeviona vituo hapa mjini, vingine vina geti zuri na gari jeupe, mtoto akipotea mwezi mzima hakuna anayejua mpaka mgeni aliyemfadhili aulize. Kituo cha namna hiyo ningekwambia ondoka, hata usipoteze nauli kwenda kulalamika. Lakini palipo na mtu anayetoka jioni kwa miguu kumtafuta mtoto mmoja aliyekosekana, pana kitu cha kugombania. Nenda ukagombane nao, usiondoke.

Sitaki pia kuwafanya mashetani. Uji, umeme, kodi ya jengo na mshahara wa huyo mwalimu wa hesabu haviji kwa maombi, na picha ya mtoto mwenye huzuni inaleta fedha haraka kuliko picha ya mtoto anayetafuta thamani ya x. Wanalijua hilo, na wageni wanalijua. Naelewa hesabu yao ila siikubali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenu mgeni anakuja, mwenyeji anatundikwa ukutani.

Nikueleze kitu, maana mimi ni mzee wa mji huu. Lile jengo la Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni lilikuwa ukumbi wa jamii, mahali pa watu wa mji kukutania. Januari 1967, kuanzia tarehe 26 hadi 29, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa humo ndani ikatoka na Azimio la Arusha. Sileti siasa. Nasema tu kwamba ukumbi wa jamii tuliouzoea ni mahali ambapo watu walikaa wakaamua mambo yao. Mwaka 1973, mimi nikiwa darasa la pili, mama yangu alikuwa kwenye kundi la Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni. Jioni wanakaa, redio ya betri katikati, kipindi kikiisha wanajadiliana, kisha wanapanga wiki hii tunachimba choo cha nani. Nchi nzima walishiriki watu karibu milioni 2. Kazi yangu ilikuwa kubeba redio na kuhakikisha mdogo wangu hachezei kitufe. Hakuna aliyempiga mama yangu picha ikaenda kubandikwa London kuonyesha kwamba nyumbani kwake hapakuwa na choo. Na kweli, choo hatukuwa nacho.

Kwa hiyo mtaingia kituoni kama wenye mtaa, wewe na mume wako pamoja. Usiende peke yako ukarudi na ujumbe. Usichukue wazazi kumi wa kukusindikiza pia, angalau si kwa safari hii ya kwanza. Mkurugenzi akiona kundi ataita mgambo kabla hajasikiliza. Ombeni kuonana naye, na huyo dada awepo kama inawezekana. Mume wako aoneshe picha iliyo kwenye simu yake, aseme yeye ni nani na anafanya kazi gani. Asieleze sana. Halafu mseme mnachotaka: bango lishuke leo, mkiwa hapo, na picha hiyo na maneno yake yaondolewe popote walipoyapeleka, kwenye mitandao, kwenye vipeperushi, kwenye barua za wafadhili. Mpewe nakala ya ile karatasi, na mtu awasomee kwa Kiswahili neno kwa neno. Kama ruhusa ya picha imo, andikeni barua fupi kwamba mnaiondoa, muiache na nakala mbaki nayo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri usiusahau.

Sheria iko upande wenu, na ni vizuri mlijue hilo hata kama hamtalitaja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Taarifa za mtoto inazihesabu kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi, na aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa. Kusainishwa kurasa tatu za lugha usiyoisoma huku umebeba tenga la nyanya, mimi siiti ridhaa. Tena na maneno yenyewe ni ya uongo! Wakikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa ustawi wa jamii. Kituo kinachopokea watoto hakiwezi kumpuuza afisa ustawi. Nadhani hamtafika huko. Mara nyingi anayeandika maneno yale ni mtu wa ofisini aliyeshushiwa amri ya "leteni hadithi tano kufikia Ijumaa", na hajawahi kufikiri kwamba baba wa hadithi anaweza kuingia mlangoni.

Swali la kufukuzwa. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Kituo kinaweza kuwanunia. Ila kikoba kisikutishe. Zile hisa ni fedha zenu wanachama. Kama mnafanya kama vikoba vingine, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanachama watatu, hakuna hata moja mfukoni mwa mkurugenzi. Kitakachoweza kupotea ni ukumbi tu, na akina mama wa Sombetini hamjawahi kushindwa kukaa chini ya mwembe.

Jambo moja ambalo watu watakushauri na mimi nakukataza: usimwambie mume wako ajitolee kufundisha upishi pale kituoni wakati wa masika ili "waone kwamba ana kazi". Wazo tamu sana hilo, najua litakujia. Akija kulitaka mwenyewe mwakani, sawa. Kwa sasa yeye ndiye anayewadai radhi, halafu tena apelekwe kufanya kazi ya bure kwa hao anaowadai? Hapana.

Mpaka mtakapoonana nao, hizo saa nne bado zipo na zinaanza kesho saa tisa. Kwa siku chache hizi binti na mdogo wake waje Kilombero, wakae nyuma ya meza yako. Kelele zipo, najua, hesabu hazifanyiki vizuri kati ya matenga, lakini unawaona. Au zungumza na mwalimu wake wa darasa kama anaweza kubaki shuleni hadi saa kumi na moja pamoja na wanaojisomea, wewe ukamtafutia mdogo jirani mmoja unayemwamini. Kuhusu kijana wa chipsi, usianze na kesi. Muulize binti kama kuna mtu anayemsumbua, kisha unyamaze usubiri. Ukianza na "nimesikia una bwana" umefunga mlango huo kwa miaka. Akisema kuna jambo, mtoto wa miaka 14 ni mtoto kisheria: kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure, anaweza kupiga hata yeye.

Lile la baba na binti kutosemeshana, usiwe tarishi wao. Akishasikia alivyojibu yule mtoto, mwache atafute njia yake. Wapishi hawajui kuomba radhi kwa maneno. Siku ukiona anamkaangia binti chapati asizomkaangia mtu mwingine, jifanye una kazi nje.

Na yule dada akija mara ya tatu, usimwache tena getini. Mkaribishe ndani, mpe kiti, mwambie mtoto hakuwa anaumwa.